Kujua Kupiga na Kujua Kutopiga: Vitabu kwa Familia Zenye Watoto wa Karate na Judo



Katika miji mingi tunayoishi huku ugenini, Jumamosi ya watoto wetu ina mpango unaojulikana. Asubuhi ni madrasa. Alasiri wengi wao huvaa suruali na koti jeupe, hufunga mkanda wa rangi kiunoni, wakapelekwa ukumbini kujifunza karate, judo au taekwondo. Mzazi hulipa ada, hununua nguo, hungoja nje mvua ikinyesha, na siku ya mtihani hufurahi mtoto anapopandishwa daraja. Lakini mzazi huyo akiulizwa mchezo huu umetoka wapi, aliyeuanzisha alikusudia nini, na kwa nini mtoto huinama kabla ya kuanza, aghalabu hana jawabu. Mtoto naye hana. Anayoyajua ameyaokota katika filamu.

Hili si jambo la kupuuzwa. Mtoto anayefunzwa kupiga bila ya kufunzwa lini asipige ni hatari kwa wenziwe na kwa nafsi yake. Anapochokozwa uwanjani kwa jina lake, kwa rangi yake au kwa mtandio wa dada yake, hushawishika kuutumia mkono uliozoezwa. Na skuli za huku zikishaona mtoto kapiga, haziulizi sana nani aliyeanza. Aidha, mtoto anayesikia jambo moja madrasa na jingine ukumbini, na nyumbani asipate wa kumfafanulia, hubaki njia panda.

Kwa sababu hiyo tumeonelea tutaje hapa vitabu vichache vinavyofaa kusomwa na wanaojifunza michezo hii, pamoja na wazazi wao. Hatusemi kwamba mtu atajua kupiga teke kwa kusoma; hilo hufunzwa na mwalimu, kwa jasho na kwa miaka. Tunalolisema ni kwamba tukiyasoma yaliyoandikwa na waasisi wenyewe, tutawakuta walikuwa walimu wa skuli, na kwamba walichokihimiza kuliko kupiga ni kujizuia. Mzazi akilijua hilo, ataweza kumpima mwalimu anayemkabidhi mwanawe. Takriban vitabu vyote tutakavyovitaja vipo kwa Kiingereza, na visivyokuwapo katika maktaba ya mtaa aghalabu huweza kuagizwa kutoka maktaba nyingine.

MWALIMU WA SKULI KUTOKA OKINAWA

Kama familia itasoma kitabu kimoja tu, na kiwe Karate-Do: My Way of Life cha Gichin Funakoshi. Kilitoka kwa Kijapani mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya mwandishi kufariki, na tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1975. Ni kitabu chembamba, lugha yake nyepesi, na kijana wa miaka 12 au 13 ataweza kukimaliza.

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, katika kisiwa cha Okinawa. Alikuwa mtoto dhaifu wa afya, na karate alianza kujifunza kwa wazee wawili, Azato na Itosu, usiku, kwa kuwa zama hizo elimu hiyo haikuwa ikifunzwa hadharani. Anasimulia jinsi alivyorudishwa kwenye kata moja kwa miezi. Kata maana yake ni mpangilio maalumu wa mapigo na vizuizi ambao mwanafunzi huufanya peke yake. Hakuruhusiwa kuingia katika kata ya pili mpaka mwalimu aridhike na ile ya kwanza. Watoto wetu wanaolalamika kwamba wamekaa na mkanda mmoja muda mrefu na wausome ukurasa huo.

Mchana Funakoshi alikuwa akisomesha skuli, na kazi hiyo aliifanya kwa takriban miaka 30. Mwaka 1922, akiwa mtu mzima wa miaka 53, alikwenda Tokyo kuionyesha karate, akaombwa abaki aifundishe. Alibaki, lakini mkewe hakufuatana naye. Mjini hakuwa na fedha. Alipanga chumba kidogo katika bweni la wanafunzi waliotoka Okinawa, na ili apate kukaa hapo alifagia vyumba, akatunza bustani, akafanya kazi za bawabu. Jioni ikifika, alifundisha. Msomaji aliyewahi kuacha mke na watoto Unguja, Mombasa au Bujumbura akaenda kutafuta riziki katika mji wa watu, akafanya kazi iliyo chini ya elimu yake bila ya kuiona aibu, ataielewa sura hiyo bila ya mkalimani.

Visa viwili katika kitabu hicho vinastahili kusomwa kwa sauti nyumbani. Katika kisa cha kwanza, Funakoshi akiwa bado kijana alikutana njiani usiku na watu waliotaka kumwibia. Alikuwa na uwezo wa kuwaangusha. Badala yake aliwapa keki alizokuwa amebeba akaenda zake, na walimu wake walipopata habari, walimsifu. Katika kisa cha pili alikuwa mzee, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mnyang'anyi alimrukia usiku. Mzee aliepa, akamkamata mahali panapouma mno, akamshikilia mpaka alipotokea askari. Mwandishi mwingine angejisifu kwa kurasa kumi. Funakoshi yeye anaeleza kwamba aliona haya, kwa kuwa alifanya lile alilokuwa akiwakataza vijana wake maisha yake yote.

Huyo ndiye aliyewaachia wanafunzi kanuni 20, ya kwanza ikiwa juu ya adabu na ya pili ikikataza kuanza kushambulia. Ndiye pia aliyelieneza jina la karate kwa maandishi yenye maana ya "mkono mtupu", badala ya maandishi ya zamani yaliyokuwa na maana ya "mkono wa Kichina". Anayetaka kuingia ndani zaidi atafute Karate-Do Kyohan, kitabu chake kikubwa cha mwaka 1935, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1973. Hicho kimejaa picha na maelezo ya kata, na kinawafaa wale waliokwisha kujifunza miaka kadhaa.

JUDO: SOMO LA KWANZA NI KUANGUKA

Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, naye alikuwa mtu wa elimu. Alizaliwa mwaka 1860, akasoma katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na mwaka 1882 alianzisha mafunzo yake, aliyoyaita Kodokan, katika chumba cha hekalu moja mjini humo, akiwa na wanafunzi wachache. Aliongoza chuo cha kufundishia walimu kwa miaka mingi. Mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kutoka Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 1938 alisafiri mpaka Cairo kuhudhuria mkutano wa kamati hiyo, na akafariki melini alipokuwa akirejea kwao.

Vitabu vyake viwili vinafaa. Kodokan Judo, kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1986, kina picha nyingi na kinamfaa mwanafunzi. Mind Over Muscle, cha mwaka 2005, ni mkusanyiko wa maandishi na mawazo yake, na hicho tunampendekezea mzazi. Humo Kano anafafanua kanuni mbili alizozijenga judo juu yake. Ya kwanza ni kuitumia nguvu ya mwili na akili mahali panapostahili, bila ya kuipoteza. Ya pili ni kwamba mtu na mwenzake wastawi pamoja.

Kanuni ya pili inaonekana wazi jamvini. Mtoto hawezi kujifunza kuangusha mpaka mwenzake akubali kuangushwa. Mwili wa mwenzake, kwa dakika ile, ni amana mikononi mwake. Akimvunja mkono leo, kesho atajifunza na nani? Ndiyo maana somo la kwanza analopewa anayeanza judo ni jinsi ya kuanguka: namna ya kukilinda kichwa, kulipiga jamvi kwa mkono na kuinuka. Mzazi akimwona mwalimu anayeruka somo hilo ili watoto wakimbilie kuangushana, na ajue kuna kasoro.

Kano ndiye pia aliyeweka madaraja ya wanafunzi, na kutoka kwake karate iliyachukua katika miaka ya 1920. Mikanda ya rangi nyingi tunayoiona leo ilienea baadaye huko Ulaya. Kwa hiyo ile hadithi inayosimuliwa kumbi nyingi, kwamba mkanda ulikuwa mweupe ukawa mweusi kwa uchafu wa miaka ya mazoezi, ni ya kupendeza lakini haina mizizi. Mkanda ni kama alama ya darasa. Humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi, na haumwambii jirani kwamba mtoto huyu anatisha.

Kwa mabinti zetu tunataja jina la Keiko Fukuda, aliyezaliwa mwaka 1913. Babu yake alikuwa mmoja wa walimu wa Kano, na Kano mwenyewe alimkaribisha binti huyo Kodokan. Alikuwa mfupi sana wa kimo. Alihamia Marekani, akafundisha San Francisco kwa miaka mingi, na mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98, chama cha judo cha huko kilimpa daraja la kumi. Alifariki mwaka 2013. Kitabu chake, Born for the Mat, cha mwaka 1973, kimeandikwa kwa ajili ya wanawake. Na binti anayedhani stara na jamvi haviwezi kukutana akumbushwe Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, aliyeshindana katika judo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa amefunika nywele zake.

VITABU MAARUFU VINAVYOTAKA TAHADHARI

Kijana atakayeingia duka la vitabu na kuuliza juu ya elimu hizi hataonyeshwa kwanza vitabu tulivyovitaja. Ataonyeshwa vingine, vyenye majalada ya panga na majoka. Hatuvikatazi, lakini kila kimoja kisomwe kwa maswali matatu: nani amekiandika, lini, na kwa ajili ya nani?

The Art of War cha Sun Tzu ni kitabu cha Kichina cha kale chenye sura 13. Nakala zake zilizoandikwa juu ya vipande vya mianzi zilifukuliwa mwaka 1972 huko Yinqueshan. Kiliandikwa kwa ajili ya majemadari, juu ya majeshi, chakula cha askari, majasusi na ardhi. Anayekitafuta ili ajue kupiga ngumi hataona kitu. Mwenye subira ataona kwamba jemadari mwenyewe anausifu zaidi ushindi unaopatikana bila ya vita. Tafsiri ya Lionel Giles ya mwaka 1910 ni ya zamani na husomwa bure.

The Book of Five Rings ni cha Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga aliyefariki mwaka 1645. Alikiandika mwishoni mwa maisha yake, alipokuwa akikaa pangoni karibu na Kumamoto, na anadai kwamba alipigana zaidi ya mara 60 bila ya kushindwa. Ni kitabu kifupi, kikavu, kilichokusudiwa wanafunzi wake. Vijana wengi wanaodhani wanamjua Musashi wanamjua yule wa riwaya ya Eiji Yoshikawa, iliyotolewa kidogo kidogo gazetini kuanzia mwaka 1935 hadi 1939. Riwaya ni tamu, nasi tunaipendekeza, mradi isomwe kama riwaya.

Bushido cha Inazo Nitobe husifiwa kama sauti ya mashujaa wa kale wa Japani. Ukweli ni kwamba kilitoka mwishoni mwa karne ya 19, kikaandikwa kwa Kiingereza, huko Marekani, na Mjapani aliyekuwa amesilimu kwa dini ya Kikristo, akikusudia kuwaeleza wageni tabia za kwao. Tunaoishi ugenini tunaielewa hamu ya kuwaeleza wenyeji mambo ya kwetu kwa sura nzuri kuliko yalivyokuwa. Kitabu ni kizuri, lakini kisichukuliwe kuwa ni historia.

Hagakure tungependa kijana aliye chini ya miaka 18 asikisome peke yake. Ni maneno ya Yamamoto Tsunetomo, yaliyoandikwa na msikilizaji wake mwanzoni mwa karne ya 18. Yanakisifu sana kifo, ilhali msemaji mwenyewe aliishi zama za amani na hakupata kupigana vitani. Katika miaka ya 1930 na 1940 kitabu hicho kilitumiwa kuwapeleka vijana wa Kijapani kufa. Kitabu kinachomfundisha kijana kuidharau roho yake kinataka mtu mzima wa kuketi naye.

Wanaojifunza taekwondo watafute A Killing Art cha Alex Gillis, cha mwaka 2008. Wameambiwa mara nyingi kwamba mchezo wao una umri wa miaka 2000. Gillis anaonyesha kwamba jina hilo lilianza mwaka 1955 na kwamba waasisi wake kadhaa, akiwamo Jenerali Choi Hong Hi, walikuwa wamejifunza karate huko Japani. Na wapenzi wa kung fu watafute The Shaolin Monastery cha Meir Shahar, cha mwaka 2008. Mwandishi anaeleza kuwa hadithi ya mtawa wa Kihindi aliyewafundisha watawa wa Shaolin kupigana ilizuka katika maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka elfu moja baada ya zama za mtawa huyo. Mchezo haupungui thamani kwa kujulikana umri wake wa kweli.

BRUCE LEE NA MUHAMMAD ALI

Wazee wa rika letu wanakumbuka jinsi majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja yalivyokuwa yakifurika katika miaka ya 1970 kwa ajili ya filamu za Bruce Lee, na jinsi vijana walivyotoka humo wakirusha mateke barabarani. Wachache walijua kwamba Lee, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940 na kufariki Hong Kong mwaka 1973, alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Washington na alikuwa msomaji mkubwa. Mwaka 1970 aliumia mgongo, akalazimika kulala kwa miezi, na wakati huo alijaza madaftari. Kutokana na maandishi yake, baada ya kufa kwake, kilitoka Tao of Jeet Kune Do mwaka 1975. Ni madondoo zaidi kuliko kitabu, na humchosha anayeanza. Afadhali kwanza asome maisha yake katika Bruce Lee: A Life cha Matthew Polly, cha mwaka 2018, ambacho hakifichi makosa yake.

Muhammad Ali ni karibu zaidi na nyoyo zetu, na tangu pambano lake la Kinshasa mwaka 1974 Afrika ilimhesabu kuwa ni mtoto wake. Kitabu chake, The Greatest, kilitoka mwaka 1975. Humo anasema kwamba aliitupa mtoni medali ya dhahabu aliyoishinda Rome mwaka 1960, kwa uchungu wa ubaguzi aliokutana nao aliporejea kwao. Baadaye watu wake wa karibu walieleza kwamba medali ile ilipotea tu, na mwaka 1996 alipewa nyingine. Mtoto atakayejua yote mawili atajifunza jambo: mtu aweza kuwa shujaa wa kweli na kitabu chake kikawa na chumvi. Cha kukisoma pamoja nacho ni Muhammad Ali: His Life and Times cha Thomas Hauser, cha mwaka 1991, kilichokusanya kauli za waliomjua. Na wazazi wasiifiche sura ya mwisho. Ali aliishi na maradhi ya Parkinson zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki mwaka 2016. Kichwa cha mtoto si cha kuchezewa.

HAZINA YETU WENYEWE

Huenda kijana akadhani kwamba elimu hizi ni za Wajapani na Wachina peke yao, na kwamba Mwislamu ni mgeni ndani yake. Hapo tunayo mengi ya kumwonyesha. Kila aliyepita madrasa amefunzwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye nguvu wa kweli si yule anayewabwaga watu kwa mieleka bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Waswahili wameifupisha hekima hiyo kwa maneno mawili: hasira hasara. Funakoshi na Kano walifika mahali hapo hapo kwa njia yao.

Ibn al-Qayyim al-Jawziyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, ameandika kitabu kizima juu ya furusiya, yaani elimu ya farasi, mshale, mkuki na upanga. Humo anaeleza kwamba ushujaa huo una pande mbili: upande wa elimu na hoja, na upande wa silaha. Wasomao Kiarabu watakipata. Kwa Kiingereza kipo Arab Archery, tafsiri ya mwaka 1945 ya kitabu cha ulengaji mishale kilichoandikwa na Mmoroko takriban mwaka 1500, na kipo Saracen Archery cha mwaka 1970, tafsiri ya kitabu cha zama za Wamamluki wa Misri na Sham. Vyote viwili vinaonyesha mafunzo yaliyokuwa na ngazi, vipimo na adabu, kama ukumbi wowote wa leo.

Huko China, Waislamu wa kabila la Hui wana jina kubwa katika elimu hii. Wang Ziping wa Cangzhou, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1973, alikuwa Mwislamu na miongoni mwa mabingwa mashuhuri wa nchi hiyo. Binti yake, Wang Jurong, naye alikuwa mwalimu mkubwa. Huko Indonesia na Malaysia kuna silat, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019.

Na kwetu je? Kirumbizi cha Lamu na Mombasa, ambamo wanaume wawili hutoka na fimbo mbele ya watu katika arusi au Maulidi, kina sheria zake, ngoma yake na mahali pa kukomea. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, kisha hula pamoja. Kupigana kwenye mpaka, kwa adabu na kwa kusameheana, si jambo tulilolifunzwa na wageni. Kitabu cha kulieleza hilo kwa watoto wetu bado kinangoja mwandishi, na pengine ni mmoja wa watoto hao hao.

JUU YA KUINAMA

Wazazi wengi huuliza juu ya kuinama, nasi hatutoi fatwa. Kila familia na imuulize mwanachuoni inayemwamini. Tunaloweza ni kueleza vitabu vinasemaje. Kano na Funakoshi wameieleza salamu ile kuwa ni heshima kwa mwenzako na kwa mwalimu, kama Wajapani wanavyosalimiana dukani na barabarani. Lakini zipo kumbi zenye picha ya mwanzilishi ukutani ambayo wanafunzi huielekea, na zipo ambazo huchanganya mazoezi na ibada za Kibudha. Haya si sawasawa, na mzazi aliyesoma ataweza kuyatenganisha na kuzungumza na mwalimu kwa upole kabla ya kuandikisha mtoto. Walimu wengi, wakielezwa vizuri, hukubali salamu ya mkono kifuani. Vivyo hivyo kuhusu kupiga uso, jambo lililokatazwa katika hadithi: ziko kumbi zinazogusa mwili peke yake, na judo haina mapigo kabisa katika mashindano yake. Ni haki ya mzazi kuchagua.

NAMNA YA KUSOMA NYUMBANI

Tunapendekeza hivi. Kianze kitabu cha Funakoshi, sura moja kwa wiki, jioni moja iliyowekwa. Mtoto asome kwa Kiingereza kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili yale aliyoyasoma. Mzazi ambaye Kiingereza chake ni kidogo asione haya, kwani hapo ndipo anapokuwa mwalimu: mtoto analeta kisa, mzazi anampa maneno. Mtoto atajua kwamba kuna tofauti kati ya ujasiri na ujeuri, kati ya kustahi na kuogopa, kati ya kusamehe na kushindwa. Na maneno hayo, akishayapata kwa lugha ya nyumbani, hayatamtoka. Watoto wengi huku wanakisikia Kiswahili kwenye amri za jikoni tu. Wapeni mazungumzo ya watu wazima.

Baada ya kila sura mtoto aulizwe: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Akifika kwenye kisa cha keki, wengi watasema wangewapiga wezi wale. Msimkemee. Muulizeni angefanya nini kama mmoja wao alikuwa na kisu, au kama yule aliyepigwa angeanguka akapasuka kichwa, na nani angekwenda mahakamani. Mwacheni afike mwenyewe.

Na mwalimu wa ukumbini aulizwe matatu: alijifunza kwa nani, humfanya nini mwanafunzi aliyetumia mchezo kumwonea mtu skuli, na ni kitabu gani anachowapendekezea wanafunzi wake. Mwalimu mwema huyafurahia maswali hayo. Anayekasirika amekwisha kuyajibu.

Mwenye kitabu kingine cha manufaa atuletee jina lake, tulitie katika toleo lijalo. Na yeyote aliye na nakala za ziada za hivi tulivyovitaja azikabidhi madrasa, watoto wazipokezane.

Wabillahi tawfiq.